Sista wa Chupa Mbili

Sista hakuamini neno la mtu yeyote kuhusu chai. Ukimwambia wewe hunywa chai ya kawaida tu, anainuka, anawasha jiko la gesi, anaipika mbele yako, anakumiminia, kisha anaketi akikutazama usoni. "Kunywa ukiwa tayari, vile unakunywanga nyumbani." Kikombe kikifika mdomoni anasema, "Hapo hapo," na kutumbukiza kipimajoto. Mzee mmoja kutoka Nyambene alikuwa ametuapia kwamba chai moto haijui kabisa. Sista alipomwonyesha kipimajoto, mzee alikasirika. "Hii ndiyo mnaita moto? Si imeshapoa hii!" Na hakuwa anadanganya. Huku kwetu juu kwenye baridi, chai ambayo huiogopi kidogo ni chai iliyolala. Ukiuliza watu kwa karatasi watakujibu "kawaida", na karatasi yako itakuwa ya kuwashia moto.

Nilifanya kazi chini yake miaka minne, nikiwa karani wa takwimu katika mradi wa utafiti mjini Meru, kwenye jengo la mabati nyuma ya hospitali ambayo sitaitaja. Tulichunguza saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengi huuita tu ugonjwa wa kushindwa kumeza. Ulimchukua kaka mkubwa wa baba yangu. Aliacha nyama kwanza, akaacha githeri, akaacha ugali, mwisho akawa anatazama uji kwenye kikombe mpaka unapoa.

Jina la Sista silitaji, na ukoo wake si kazi yangu. Najua tu kwamba alitoka upande wa Ishiara, kule kwenye joto, na kwamba alilalamika kuhusu baridi ya Meru kila siku ya Mungu. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na ya juu ilikuwa na mfuko wa kalamu. Alikuwa muuguzi, si mtawa, lakini hata daktari mkuu alimwita Sista, na akimwita alikaa wima kidogo.

Kulikuwa na neno moja alilolisema kuliko maneno yote: "Sijui bado." Watu walimuuliza kama ni miraa inayoleta saratani. Sijui bado. Kama ni moshi wa kuni jikoni, kama ni ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, kama ni laana ya ukoo. Kwa laana alikunja uso, lakini mengine yote, sijui bado. Mwanzoni nilimwona kama mtu anayekwepa. Wafanyabiashara wa miraa kule Maua walimpenda kwa jibu hilo, na wachungaji wakamnunia. Siku moja mchungaji alimwambia kanisani, mbele ya watu, kwamba serikali inamlipa mshahara ili ajue. Sista akamjibu, "Inanilipa nisiseme kabla sijajua." Kisha akafungua kitabu cha nyimbo.

Lakini lile alilolijua alilieleza mpaka mama wa soko la Gakoromone anayeuza viazi analishika. Alikuwa anamwambia mtu afungue kiganja. "Hapa ulilimia, pakatoka malengelenge, pakapona. Ukalima tena, pakapona tena. Mwili unatuma amri: jenga ngozi, jenga ngozi. Sasa ndani ya umio ni hivyo hivyo. Panaungua, panajengwa, panaungua, panajengwa. Siku moja amri inakwama. Hakuna anayeizima. Ngozi inajengwa tu, hata mahali hapahitaji." Vidonge tulivyokuwa tunavijaribu vilitengenezwa kuzima ile amri kabla haijawa saratani. Kama vingeweza au la, ndiyo sababu tulikuwa pale.

Usidhani alikuwa malaika. Yeye mwenyewe alikunywa chai inayotokota. Aliinywa amesimama, haraka, mgongo ukiwa umeelekea mlango, na nikimkuta alisema, "Wewe Karani, toka." Hakuwahi kuniita jina langu, nilikuwa Karani tu. Aliogopa sindano akidungwa yeye. Alikuwa na mdomo pia. Kijana wa maabara aliyeandika saba inayofanana na moja alisutwa mpaka akaomba likizo.

Na friji! Vipande tulivyovitoa kwenye umio wa watu, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama, viliwekwa kwenye friji kubwa ya baridi kali. Mchana mmoja stima ilipotea na jenereta ikakataa kuwaka. Gari la mradi lilikuwa gereji. Sista alipakia vipande kwenye sanduku la barafu, akatoka hadi barabarani, akasimama katikati, mikono juu, mbele ya pikapu ya miraa iliyokuwa inateremka kutoka Maua kama imeibwa. Dereva alifunga breki akitukana mama za watu. Sista akamwambia, "Watu mia wako ndani ya hili sanduku. Wewe ndiye unakimbia kuliko wote hapa Kenya. Nipeleke Nairobi." Akapanda mbele, sanduku mapajani, mtu aliyekuwa akikataa hata kupanda bodaboda. Alirudi kesho yake na shingo imekakamaa, na vipande havikuyeyuka hata kimoja.

Alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu mara mbili. Kila mgonjwa wa majaribio alikuwa na chupa ya vidonge yenye namba. Kampuni ilikuwa imebandika namba kwenye chupa, hiyo ilitosha kwa watu wengine wote. Sista aliandika namba ileile juu ya kifuniko, kwa kalamu nyeusi isiyofutika. Tulimcheka. "Kwani kifuniko kitatoroka?" niliwahi kumwambia.

Sasa nifike kwa baba yangu, kwa sababu ndiye aliyenifanya nimchukie huyu mama.

Baba alipimwa kwa sababu ya kaka yake. Aliandamana na Baba Kinoti, mwanarika wake. Hawa wawili walitahiriwa msimu mmoja, wakauguza vidonda kwenye kibanda kimoja, na huko walifundishwa kwamba mmoja hawezi kutia tonge mdomoni mwenzake akitazama. Tangu hapo hawakuwahi kula kitu bila kugawana. Nimewaona, wazee wazima, wakikata andazi moja katikati. Kamera ilipopitishwa kooni na dawa ya madini joto ikanyunyizwa, sehemu zenye afya zikawa kahawia, lakini kila mmoja wao alikuwa na kibaka, doa dogo tu, kilichobaki cheupe. Haikuwa saratani. Ilikuwa pale ambapo saratani ingeanzia.

Wakaingizwa kwenye majaribio. Sista alinikataza kugusa faili la baba yangu, hata kulihamisha kutoka meza moja hadi nyingine. Aliwakalisha wazee wawili na kuwaeleza wazi: wengine watapata dawa, wengine vidonge vinavyofanana kabisa na hivyo lakini ndani havina kitu. Kompyuta ndiyo inachagua. Daktari hajui, yeye hajui, wao hawatajua mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mmoja wetu anaweza kupewa hewa," Baba akasema.

"Anaweza. Au nyote. Au hakuna. Na ukitaka kukataa, kataa sasa, hatutakuchukia."

Walitazamana, wakaweka sahihi.

Mwezi wa tatu, Jumapili baada ya kanisa, Baba aliniambia jambo huku anacheka, kama mtu aliyeshinda kesi. Baba Kinoti alikuwa amekuja kwake, wakakaa jikoni, wakamimina chupa zote mbili kwenye ungo wa kupepetea maharagwe, wakachanganya kwa mkono, kisha wakagawana kimoja kimoja. Sasa kama mmoja alikuwa na dawa na mwingine hewa, kila mtu alikuwa na nusu ya kila kitu. Kila wakipewa chupa mpya walifanya hivyo hivyo.

"Baba! Mmefanya nini?"

"Tumefanya haki. Na nikuambie, mami, yangu ndiyo ilikuwa ya ukweli. Nilikuwa nasikia joto hapa kifuani kila nikimeza. Lakini ningefanyaje, nimwache mwenzangu ameze hewa, mimi nikitazama?"

Nilijua maana yake. Kama Sista angesikia, angeandika, na akiandika, wote wawili wangeachishwa vidonge. Kibaka cheupe cha baba yangu kingebaki hivyo, bila kitu cha kukizuia. Nikanyamaza. Siku tisa nilienda kazini, nikafungua kompyuta, nikamsalimia Sista, nikala naye chakula cha mchana. Siku ya kumi ilikuwa siku yao ya kliniki.

Walikuja pamoja kama kawaida, wamevaa kofia zao. Nilikuwa nimesimama mlangoni na rundo la faili. Sista alipokea chupa ya Baba, akahesabu vidonge vilivyobaki. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Akachukua kifuniko afunge, akasita. Akakisogeza karibu na dirisha. Chupa ilikuwa ya kumi na saba, kifuniko kilikuwa cha arobaini na moja.

Alienda kwa Baba Kinoti, akaomba chupa yake, akageuza kifuniko. Kumi na saba.

"Ni watoto wamechezea," Baba akasema haraka.

"Mzee, kwako kuna watoto?"

Hakukuwa na mtoto nyumbani kwa Baba kwa miaka mingi. Baba Kinoti alikuwa anatazama mabati juu. Basi Baba akainua kidevu, akaeleza kila kitu, ungo, kugawana, haki, bila aibu yoyote. Sista alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoka, akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye korido.

"Karani, ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama kikombe.

"Siku tisa," nikasema.

Akafumba macho. Mimi nikaanza kumsihi, maneno yakitoka ovyo. Asiandike, tafadhali, vidonge viko sawa kwa hesabu, awaonye tu wasirudie, nani atajua, nitapiga magoti hapa hapa.

"Sikiza," akasema polepole. "Dawa ikiwa mbaya halafu ionekane nzuri, watapewa watu wa Embu, wa Maua, wa kila mahali. Ikiwa nzuri halafu ionekane mbaya, itatupwa, na watu watakufa ikiwa kwenye pipa. Hao watu siwajui. Lakini wapo."

"Ni baba yangu!"

"Najua ni baba yako."

Akaenda mezani akaandika. Huyu mama ambaye hakuwahi kukata neno kwenye fomu alikosea tarehe mara mbili, akararua karatasi, akaanza upya. Aliandika kuhusu ungo. Aliandika pia kwamba karani wa takwimu alijua siku tisa kabla na hakusema. Nilisoma mstari huo wino ukiwa bado mbichi, nikamwambia kwamba moyo wake uko kwenye ile friji. Nilimwambia kibaka cha baba yangu kikigeuka, nitamletea maiti kwenye meza yake aihesabu. Ijumaa hiyo nikawa sina kazi, na Baba na Baba Kinoti hawana vidonge.

Kamera hawakunyimwa. Kila baada ya miezi sita waliitwa, na kila mara nilikaa benchi nje, nikisubiri kusikia kama kibaka kimekua. Sista alikuwa anapita hapo. Sikumsalimu. Kuna mara aliniwekea chai pembeni, imepozwa, nikaiacha hapo hapo.

Cha Baba hakikukua. Cha Baba Kinoti kiligeuka mwaka wa pili. Alifanyiwa upasuaji, akachomwa kwa mionzi, akakonda. Baba alienda kwake kila siku na uji kwenye chupa, na Baba Kinoti alipoweza kumeza vijiko vitatu tu, Baba naye alikunywa vitatu tu. Tulimzika mwezi wa nane. Baba hakulia. Alishika sepetu akafukia kama mtu anayelipwa. Sista alikuja mazishini na sweta zake mbili, akasimama nyuma kabisa. Nilimtazama vibaya mpaka akaondoka kabla ya chakula.

Baba akabaki na wimbo mmoja. Akitembelewa na mtu anasema: mimi ndiye nilikuwa na dawa ya kweli, nikampa mwenzangu nusu, lakini yule mama alituandika. Alisema hivyo kwa huzuni, ila kulikuwa na kiburi kidogo ndani yake, na mimi sikumnyima. Ndicho alichobaki nacho.

Mwaka huu majaribio yalikwisha na siri ya kompyuta ikafunguliwa. Dawa imesaidia wengine, wengine haikuwasaidia. Ndiyo habari tuliyopewa, na wakubwa bado wanaipima. Sista alikuwa amestaafu, lakini mradi ulimwita arudi awape wazee majibu yao, kwa sababu walikataa kuyasikia kutoka kwa mtu mwingine. Baba hakwenda. "Mimi najua yangu," akasema. Wiki zikapita, akawa halali vizuri. Mwishowe akaweka sahihi kwenye barua ya ruhusa, akanisukumia. "Nenda ukanichukulie hiyo bahasha ya majibu. Halafu usikae huko."

Nilimpata kwake Ishiara, ameketi uani kwenye kivuli cha nyumba, anapepeta ndengu. Hakuwa na sweta. Sikuwahi kujua mikono yake ilikuwa myembamba hivyo.

"Karani."

"Sista."

Alisoma barua ya Baba yote, hadi tarehe. Akaingia ndani, akatoka na bahasha, akaniachia nifungue mwenyewe. Kumi na saba: vidonge tupu.

Nilisoma tena. Kisha nikauliza swali ambalo sikuwa na haki ya kuuliza. "Na arobaini na moja?"

"Mama Kinoti amenipa ruhusa niwaambie. Aliandika kwa mkono wake. Mumewe ndiye alikuwa na dawa."

Ndengu zilikuwa zimetapakaa kwenye turubai, nami nikazitazama tu. Basi baba yangu hakuwa amempa mtu chochote ila hewa. Nusu ya dawa ya Baba Kinoti ilikuwa imeshuka koo la baba yangu, na aliyekufa ni Baba Kinoti. Ningemwambiaje? Ningefika nyumbani, niingie mlangoni, nifungue mdomo, niseme nini?

"Labda hata angeimeza yote angekufa tu," nikasema.

"Labda. Hilo hakuna anayejua, na mimi sitakudanganya."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ni Baba. Hakuweza kusubiri nifike. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza tena.

"Naomba nimwambie mimi," Sista akasema. "Mimi ndiye niliandika." Nikampa. Akabonyeza sauti itoke nje.

"Mzee, ni mimi."

Kisha Baba akasema, "Sista. Bado unaandika watu?"

"Nimestaafu."

"Haya, sema basi. Yangu ndiyo ilikuwa ya ukweli, sivyo?"

"Hapana, Mzee. Yako ilikuwa tupu. Yake ndiyo ilikuwa na dawa."

Tulisikia kuku wa kwetu kwenye simu, na mlango ukigongana na upepo. Baba alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hivyo nilimla mwenzangu."

"Ngoja nimalize." Sista alikuwa amesimama sasa. "Mwezi wa kwanza alikuja peke yake kliniki. Viganja vyake vilikuwa vinambanduka na vinamwasha, kwa sababu dawa yenyewe huzima ile amri ya kujenga ngozi hata mikononi. Akaniuliza, wewe Sista, mwanarika wangu anawashwa pia? Sikuruhusiwa kumjibu. Nilinyamaza nikaandika. Lakini viganja vyako alikuwa akiviona vizima kila siku, akaniangalia, akajua. Alijua yake ndiyo ya kweli na yako ni hewa. Wiki hiyo hiyo ndipo alikuja kwako na chupa. Ni yeye alikuja kwako, si ndiyo?"

"Ni yeye," Baba akasema. "Ni yeye alikuja na kusema tuchanganye." Akapumua. "Alijua?"

"Alijua."

"Na akaniacha nijigambe? Kila siku? Mpaka kitandani kwake, namwambia mimi ndiye nilimpa dawa, na ananiambia asante?"

"Angekuambia ukweli, ungekubali kumeza?"

Kiti kililia, Baba akaketi.

"Ningemfukuza," akasema. "Ningemfukuza kwangu na hiyo chupa yake."

Halafu baba yangu, ambaye hakulia kaburini, akaanza kulia, kwa sauti, kama anayemwita mtu aliye mbali. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye ndengu. Sista alishika simu kwa mikono miwili, hakukata, akaishika hivyo hivyo mpaka Baba alipomaliza.